Gurudumu Moja la Mkanda

Kilema,
2 Septemba 2024

Valerian,

Mimi mzima. Hali yako siulizi, maana Jumamosi niliiona ikipita hapa nyumbani kwa sura ya mwanao Ronald, ameongozana na fundi mwenye futi na kamba. Hodi hawakupiga. Walipima kuanzia mlangoni kwangu hadi kwenye mparachichi, wakachomeka vigingi sita, kimoja katikati ya tuta langu la mboga ya mnafu. Nilipouliza, Ronald akanijibu, "Shangazi, hapa ndiyo itakaa sebule. Usimaindi, dingi ameshamaliza hiyo ishu." Sebule yake ikae mahali ninapolala mimi!

Nilipokupigia simu ulinikatiza, ukasema kama nina la kusema niandike, ili ukoo ukikutana maneno yawepo kwenye karatasi. Haya, naandika. Barua nampa Digna wa jirani, kesho anashusha ndizi sokoni Moshi, atapita kwako Rau.

Langu ni moja. Sitoki. Najua kihamba chote, shamba na migomba na nyumba ya baba, ni cha mtoto wa kiume wa mwisho, na huyo ni wewe. Sijawahi kukubishia, hata siku moja. Lakini mwaka 1983, mume wangu aliponirudisha nyumbani kwa kosa la kutozaa, baba alitamka kwamba nitaishi humu kihambani mpaka nife, na nikifa nizikwe kwenye migomba, pembeni ya mama. Alijua akishafunga macho wazee watalipindua neno lake, kwa hiyo alilirekodi kwenye ile tepu rekoda aliyoachiwa na padre. Mkanda ninao mimi. Mashine unayo wewe, uliibeba siku ya tatu ya msiba wa baba, hata matanga hayajaanuliwa.

Basi tarehe 27 Desemba, ukoo ukikaa, ipandishe hiyo mashine tumsikilize mwenye kihamba. Kama unamwogopa baba hata sasa, sema.

Vigingi nimeving'oa. Nimepikia kiburu cha ndizi.

Dada yako,
Mektrida Wenseslaus


Rau, Moshi
9 Septemba 2024

Dada Mektrida,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu umenipita miaka kumi na tatu na ndiwe uliyenilea. Usiisome zaidi ya hapo.

Nimefundisha historia miaka ishirini na sita, na mtu anayetaja ushahidi asiotaka kuuonyesha namjua kabla hajamaliza sentensi. Nyumbani kwetu ulikuwepo mkanda mmoja tu. Tangu nikiwa mtoto uliniambia ndani yake mna sauti ya mama. Nilipolia, ulinibeba ukaniambia, "Mama yako yumo kwenye mkanda, ukikua utamsikia." Baba akiwa hai alikataza usiguswe. Nilipotoka seminari ukaniambia betri za mashine hazipatikani. Baba alipofariki ukasema mkanda umo kwenye sanduku na ufunguo umepotea. Nimefika miaka hamsini na moja, na leo, kwa kuwa Ronald anataka kujenga, naambiwa kwenye mkanda uleule yumo baba na anazungumzia mipaka ya nyumba. Nani yumo, dada? Chagua mmoja.

Hakuna anayekutupa. Nyumba unayolala ina kuta zilizopinda, iko siku itakuangukia na watu watasema Valerian alimwacha dada yake afie kwenye vumbi. Hapa Rau wifi yako Evelyn ameshakuandalia chumba, umeme upo na maji yapo ndani. Ronald anaoa mwezi wa nne na hana mahali pengine pa kuweka mke.

Mashine haitapanda mlima. Ni nzee, nami nilikabidhiwa na wazee, sikuiba. Ukitaka isikike, leta mkanda hapa.

Na vigingi vile vilikuwa vya fundi. Anavitaka.

Valerian


Kilema,
15 Septemba 2024

Mwalimu Valerian,

Wote wawili wamo. Mama mwanzoni, baba mwishoni. Umeridhika? Au nikuandikie na jina la jogoo aliyewika siku ile?

Mkanda siuleti Rau. Ukishaingia kwako nitausikia kwenye hadithi tu, kama nilivyosikia habari za ng'ombe wa baba uliowachukua. Na chumba chako nimeshakiona Pasaka iliyopita. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Nitafuga nini humo, mende? Nikiamka asubuhi nishike jembe niende wapi? Na siku nikifa mtanipeleka makaburi ya mjini, nizikwe katikati ya watu nisiowajua, mkeo arudi nyumbani kabla wali haujapoa. Mimi nimeipalilia kahawa hii miaka arobaini na moja. Mama yuko hapa, baba yuko hapa, na vitoto vitatu vilivyotutangulia mimi na wewe viko hapa chini ya migomba. Mimi nimekosa nini hata nisilale nao?

Umesahau mengi, kwa hiyo nikukumbushe. Mama alipokufa ulikuwa na miaka miwili, nikaacha shule nikakubeba mgongoni. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe huko chini wewe ukiwa mgongoni, napandisha mzigo kichwani na wewe mgongoni. Nilipoolewa ulilia mpaka ukapata homa, niliporudishwa ulifurahi peke yako kijiji kizima. Leo unanihesabia kuta zilizopinda.

Fundi mwambie vigingi vyake vimeshakuwa majivu.

Mektrida


Rau, Moshi
6 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo.

Kila mtu humu ndani ananiambia nisikujibu. Evelyn anasema unanizungusha. Ronald anasema nije na watu tubomoe, tuzungumze baadaye. Nimewanyamazisha wote wawili.

Nimempata kijana mmoja hapa mjini, anaitwa Calvin, fundi wa redio za zamani. Amekaa na mashine ya baba wiki mbili. Ukanda wa mpira uliokuwa unazungusha magurudumu ulikuwa umeyeyuka kama ulimbo, ametafuta mwingine akaupata kwenye cherehani. Sasa inazunguka. Taa yake ya kijani inawaka. Jana niliiwasha bila mkanda nikakaa naiangalia, Evelyn akanicheka.

Nisikilize vizuri, kwa sababu sitasema hili mara mbili. Mimi sina picha ya mama. Wewe pia huna, hakupigwa. Sura yake unaijua wewe, mimi sijui hata kama alikuwa mweupe au mweusi isipokuwa kwa kuambiwa. Watu wakisema mama yangu hivi, mama yangu vile, mimi nakaa kimya kama mgeni. Nataka kumsikia akisema neno moja, hata akiwa anafukuza kuku.

Nipe hilo. Nikishamsikia, nitakuandikia karatasi mbele ya Mzee Kastori, mwenyekiti wa ukoo, kwamba utakaa kihambani mpaka kufa na utazikwa kwenye migomba. Ronald nitamtafutia mahali pengine.

Lakini ukinidanganya katika hili, Mektrida, sitangoja Desemba.

Valerian


Kilema,
20 Oktoba 2024

Valerian,

Hayo maneno matamu umeyaandika mwenyewe au umesaidiwa? Mwezi uliopita mimi nilikuwa nyumba mbovu ya kubomolewa, leo nimekuwa dada.

Simletei mtu mkanda kwa ahadi. Karatasi kwanza. Iandikwe, isainiwe, Kastori aweke jina lake na dole gumba, iletwe na Digna, niisome mwenyewe kwa miwani yangu. Baada ya hapo tutazungumza habari za mkanda. Tena ukae ukijua una miaka mingi, huenda umeharibika, huenda panya wameula. Mimi siyo fundi. Usije ukaniambia nilikuahidi hiki na kile.

Buni zinaiva zote kwa pamoja mwaka huu na sina mchumaji. Ungekuwa mwenye kihamba kweli ungekuja kuchuma.

Mektrida


Rau, Moshi
3 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo. Karatasi hii hapa. Imesainiwa na mimi, na Mzee Kastori, na Evelyn ambaye hajanisemesha tangu Alhamisi. Ronald ameondoka nyumbani, yuko kwa wakwe zake watarajiwa. Soma kila mstari kwa miwani yako.

Umepata ulichotaka kabla sijapata changu. Hakuna mtu mjini angekufanyia hivyo, na hata mimi sijui kwa nini nimefanya. Mpe Digna mkanda. Uufunge kwenye kitambaa kikavu, usiuweke pamoja na ndizi.

Naomba tu nimsikie.

Valerian


Rau, Moshi
24 Novemba 2024

Mektrida,

Digna amekuja mara tatu mikono mitupu. Mara ya kwanza alisema ulikuwa na mafua. Mara ya pili, umeenda jumuiya. Jana aliniangalia usoni akasema, "Mwalimu, mimi sitaki kuingilia mambo yenu."

Karatasi unayo. Kihamba unacho. Sasa unanifanyia nini?

Valerian


Kilema,
1 Desemba 2024

Valerian, mdogo wangu,

Digna amebeba vitu vitatu. Mkanda, karatasi yako, na jani la isale nililolifunga fundo. Nimelikata mwenyewe pale kwenye mpaka. Isale unalijua, ndilo jani letu la kuombea msamaha, siwezi kukufundisha. Soma kwanza, halafu uamue kama unalipokea.

Sauti ya mama haimo. Nilisema wote wawili wamo, nilidanganya. Yumo baba peke yake.

Mama alirekodiwa mwaka 1974, padre alipokuwa anafunga safari ya kurudi kwao na kumwachia baba ile mashine pamoja na gurudumu moja la mkanda, kwa kuwa baba alikuwa katekista wake. Mama aliongea, akaimba kidogo, akakugombeza wewe usiguse nyaya. Mwaka uliofuata akafa, na baba akaufungia mkanda kwenye sanduku, hakutaka kuusikia. Nilipokuambia ukiwa mdogo kwamba mama yumo, nilisema kweli. Alikuwemo.

Niliporudi 1983, wazee walikaa na baba wakamwambia binti aliyeachika hana mahali kihambani, akifa baba niondoke. Baba akaniita ndani. Akaniambia, "Nataka kuliacha neno langu mahali ambapo hawataligeuza. Lakini mkanda ni huu mmoja. Nikiweka neno langu, mama yako anafutika. Amua wewe." Mwaka ule, unakumbuka, sabuni tulitengeneza kwa majivu ya migomba, sukari ilikuwa ya foleni. Mkanda mwingine ungetoka wapi? Akachukua panga akaenda kukata majani. Nilikaa na lile gurudumu mapajani tangu asubuhi mpaka saa ya kukamua. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nina sanduku moja la nguo, nikienda mferejini kuteka maji wanawake wananiangalia tumbo. Baba aliporudi nikamwambia, weka neno lako.

Yeye alishika kipaza sauti. Vitufe vilikuwa viwili, vya kubonyezwa pamoja, na niliyevibonyeza ni mimi. Wewe ulikuwa shule. Jioni ulirudi ukaniuliza kwa nini macho yangu mekundu, nikakuambia ni moshi.

Kila mwaka nilitaka kukuambia. Halafu nikawa naogopa, na nilipoacha kuogopa nikawa mkali, ukali ni rahisi zaidi. Karatasi yako ilipofika nilifurahi siku mbili nzima, nikapika mtori nikala peke yangu. Nikaisoma tena barua, nikaona pale chini umeniomba. Hujaniomba kitu tangu ukiwa na miaka kumi. Nimeshindwa kulala juu ya karatasi ambayo umesaini ukidhani unamnunua mama. Chukua. Neno la baba limo kwenye mkanda, lisikilizeni wewe na Kastori, na kama halitoshi, Ronald aje na vigingi vyake. Sitaving'oa.

Nisamehe.

Dada yako,
Mektrida


Rau, Moshi
15 Desemba 2024

Mektrida,

Isale nimelipokea. Nyumbani kwetu halirudishwi, wala mimi sitakuwa wa kwanza kulirudisha. Kwa hiyo la mkanda sikudai, wala sitalisema mbele ya ukoo, wala mbele ya Evelyn. Usidhani moyo wangu umefika huko. Ni isale tu limefika.

Jumamosi ya tarehe 7 Mzee Kastori alishuka tukausikiliza. Baba anaongea dakika nne. Anakohoa, anataja jina lake na tarehe, anataja mipaka yote minne ya kihamba. Anasema, "Mektrida asitolewe. Azikwe kwa mama yake. Valerian, wewe sasa ni mdogo, utakaposikia hii utakuwa mtu mzima. Ukimtoa dada yako umenitoa mimi." Kastori alivua kofia. Alisema hana la kuongeza, na kwamba tarehe 27 atatamka hivyo mbele ya wote. Kihamba ni chako mpaka siku yako. Karatasi nimeirudisha humu, ikae kwako. Ronald nimempigia, amenitukana, atapoa.

Baada ya dakika nne nilingoja. Nilifikiri pengine pale baba alipoishia mama angeendelea, hata neno lake moja lililosalia. Hakuna. Uliacha vitufe vimebonyezwa mkanda ukazunguka mpaka mwisho. Nasikia ng'ombe, nasikia mlango, nasikia mtu anapenga kamasi, nadhani ni wewe.

Kastori alipoondoka nilimwita Calvin aje aurudishe mkanda mwanzo, mimi niliogopa kuukata. Calvin hakuurudisha. Aliinua magurudumu yote mawili, akayageuza juu chini, akayabadilisha nafasi, akawasha. Ukasikika upepo tu. Akasema, "Mwalimu, upande huu wa pili hamjawahi kuutumia, ni mtupu tangu utoke kiwandani." Nikamuuliza, upande wa pili wa nini? Akanieleza taratibu, kama ninavyowaeleza watoto wa kidato cha kwanza, kwamba mkanda wa aina hii una pande mbili kama kaseti. Ukimaliza mmoja unaugeuza. Ukirekodi huku, kule hakuguswi.

Padre hakumwonyesha baba. Baba hakujua, na wewe ungejulia wapi. Mngegeuza tu, Mektrida. Mama angekaa upande wake na baba upande wake, na wewe ungekaa kihambani vilevile.

Calvin aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia aende.

Mzee Kastori hajui, Evelyn hajui. Nimekaa na jambo hili siku nane na nilikusudia kunyamaza, kwa kuwa wewe ni mzee na uko peke yako huko juu. Lakini wewe ulininyamazia miaka arobaini na moja, na mimi sina nguvu za kukunyamazia hata mwezi mmoja. Usiku Evelyn akilala mimi nauona ule mkanda unageuzwa, unageuzwa, kitu cha nusu dakika. Nimeshindwa kulibeba peke yangu. Sasa tunalijua wawili.

Usinijibu barua hii.

Valerian